Umri wa vichaka vya kupandwa ndio huamua naitrojeni ya udongo

WAKAZI wengi wa kata ya Levolosi, jijini Arusha, hawana shamba karibu na nyumba zao. Hata hivyo, mahindi, maharage, ndizi na mboga wanazonunua sokoni kila siku hutegemea kwa kiasi kikubwa udongo wa miteremko ya Mlima Meru na tambarare zinazouzunguka. Rutuba ya udongo huo ikipungua, mavuno hupungua, bei sokoni hupanda, na mkulima hulazimika kutumia fedha nyingi zaidi kununua mbolea ya viwandani.

Uzito wa jambo hilo ulionekana wazi mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopaa duniani kote na Serikali ya Tanzania ikaanzisha ruzuku ya mbolea kuanzia msimu wa 2022/23. Katika mjadala uliofuata, ushauri wa zamani ulirudi tena: wakulima wapande vichaka na miti midogo ya jamii ya mikunde, kwa kuwa mimea hiyo huongeza naitrojeni katika udongo bila gharama ya kiwanda.

Ushauri huo una ukweli, lakini una sharti ambalo mara nyingi halielezwi, nalo ni umri. Kichaka cha mwaka mmoja hakifanyi kazi sawa na cha miaka mitatu, na cha miaka mitatu hakilingani na cha miaka 15. Katika kipindi kimoja kichaka hukopa kutoka kwenye udongo, katika kingine huweka akiba, na katika kingine huizungusha akiba ileile bila kuiongeza sana. Mkulima asiyejua kichaka chake kiko katika kipindi gani anaweza kukikata kabla hakijalipa, au kukiacha muda mrefu kuliko faida yake.

Kile ambacho volkano haikutoa

Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ni volkano ambayo mlipuko wake mdogo wa mwisho ulirekodiwa mwaka 1910. Majivu na mawe yaliyotapakaa miteremkoni kwa maelfu ya miaka ndiyo yaliyofanya udongo wa eneo hilo kusifika kwa rutuba. Yanapomeng'enyuka polepole, mawe hayo hutoa potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na fosforasi.

Naitrojeni ni kirutubisho ambacho mawe ya volkano hayana, ila kwa kiasi kidogo mno. Chanzo chake ni hewa, ambayo takribani asilimia 78 yake ni naitrojeni. Lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo ya hewa. Ni lazima kwanza ibadilishwe kuwa amonia au naitreti, ama kwa nguvu ya radi, ama katika viwanda vya mbolea, ama na bakteria wachache wenye uwezo huo.

Kwa hiyo, naitrojeni iliyomo katika udongo mweusi wa Meru ni akiba iliyokusanywa na viumbe hai, hususan misitu ya asili, kwa karne nyingi. Zaidi ya asilimia 95 ya akiba hiyo imefungwa ndani ya mboji. Kila mwaka vijidudu vya udongo hufungua sehemu ndogo tu, kwa kawaida asilimia chache, na hiyo ndiyo mazao huitumia.

Hesabu ya matumizi si ngumu. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na takribani kilo 15 za naitrojeni. Mkulima anayevuna tani tatu kwa hekta na kuzipeleka sokoni huwa amesafirisha takribani kilo 45 za naitrojeni. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, hivyo mavuno hayo ni sawa na kutoa karibu mifuko miwili ya urea katika kila hekta, bila kuhesabu mabua yanayolishwa ng'ombe wala udongo unaochukuliwa na mvua. Pengo hilo lisipozibwa, akiba iliyoachwa na msitu huisha.

Kiwanda kilicho kwenye mizizi

Mimea mingi ya jamii ya mikunde hushirikiana na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake. Mmea huwapa bakteria sukari, nao huupa mmea naitrojeni waliyoitoa hewani. Kinundu kinachofanya kazi kikipasuliwa kwa ukucha huonekana chekundu au cha waridi ndani. Kilicho cheupe, cha kijani au cha kahawia aghalabu hakizalishi kitu.

Miongoni mwa vichaka na miti midogo ya aina hiyo iliyopandwa katika Afrika Mashariki ni sesbania, utupa, mbaazi, lusina, kaliandra na gilirisidia. Mvinje wa pwani hufanya kazi kama hiyo, ingawa si wa jamii ya mikunde na vijidudu vyake ni vya aina nyingine.

Ni vema kutofautisha mimea hiyo na mingine inayofanana nayo. Mjohoro, ambao umepandwa sana kando ya barabara na katika mashamba ya kuni nchini, ni wa jamii ya mikunde lakini hauoti vinundu na hautengenezi naitrojeni. Mgrevilia, ambao ni mti wa kawaida katika mashamba ya kahawa na migomba kuzunguka Meru, nao hautengenezi naitrojeni. Miti hiyo ina manufaa ya mbao, kuni na kivuli, na majani yake hurudisha mboji. Lakini naitrojeni inayodondoka na majani yake ni ile iliyokuwa tayari katika udongo.

Mwaka wa kwanza: kichaka hukopa

Mche uliopandwa mwanzoni mwa mvua hauanzi kuchangia siku hiyo. Mizizi yake ni mifupi, vinundu ni vichache, na majani ni kidogo. Katika miezi ya mwanzo hutegemea naitrojeni ya udongo kama mmea mwingine wowote, huku ukishindana na magugu. Kipimo cha udongo kikichukuliwa mwishoni mwa mwaka wa kwanza, aghalabu hakioneshi ongezeko la maana, na pengine huonesha upungufu kidogo.

Ushahidi unaotajwa mara nyingi juu ya jambo hili ulipatikana katika kituo cha utafiti cha Msekera, karibu na mji wa Chipata, mashariki mwa Zambia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Zambia, wakishirikiana na ICRAF, walipumzisha mashamba kwa kuyapanda sesbania kwa mwaka mmoja, miwili au mitatu, kisha wakapanda mahindi bila mbolea. ICRAF ni kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto chenye makao makuu jijini Nairobi, ambacho mwaka 2019 kiliungana na CIFOR, kituo cha kimataifa cha utafiti wa misitu.

Mashamba yaliyolimwa mahindi mfululizo bila mbolea yalitoa chini ya tani mbili kwa hekta. Yaliyopumzishwa kwa mwaka mmoja yalitoa zaidi ya tani mbili kidogo. Yaliyopumzishwa kwa miaka miwili yalipanda hadi kati ya tani tano na sita, na yale ya miaka mitatu yalifikia takribani tani sita. Ongezeko kubwa lilitokea kati ya mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu uliongeza kidogo tu.

Funzo la takwimu hizo ni kwamba mkulima aliyekata tamaa baada ya mwaka mmoja alikuwa amelipa gharama karibu yote na kupata sehemu ndogo ya faida. Na aliyesubiri mwaka wa tatu alitoa msimu mzima wa ardhi yake kwa nyongeza isiyo kubwa.

Mwaka wa pili na wa tatu: akiba hupanda

Kuanzia mwaka wa pili mambo manne hutokea kwa pamoja. Vinundu huwa vingi na kazi ya kutengeneza naitrojeni hufikia kasi kubwa. Majani huanza kudondoka kwa wingi na kufunika ardhi. Kivuli huua magugu na kupunguza joto la udongo. Nayo mizizi huwa imefika chini zaidi ya ile ya mazao.

Jambo la mwisho lilichunguzwa kwa makini magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990, na watafiti wa ICRAF na taasisi za Kenya waliokuwa na kituo Maseno. Waligundua kwamba chini ya mashamba ya mahindi kulikuwa na naitreti nyingi iliyozama na maji ya mvua hadi kina ambacho mizizi ya mahindi haiifikii vizuri. Mizizi ya sesbania iliifuata huko, ikaipandisha hadi kwenye majani, na majani yalipodondoka au kukatwa, naitrojeni hiyo ilirudi juu.

Kwa hiyo kichaka cha umri huo hufanya kazi mbili tofauti. Huleta naitrojeni mpya kutoka hewani, na pia huokoa ile iliyokuwa imepotea chini. Kwa mkulima zote mbili huonekana kama ongezeko katika udongo wa juu, lakini hazifanani. Ile ya hewani haina kikomo cha karibu. Ile ya chini ni amana iliyosahauliwa, nayo ikishaopolewa haiwezi kuopolewa tena mpaka ilimbikizwe upya.

Ubora wa majani nao una uzito wake. Majani ya sesbania na gilirisidia huwa na naitrojeni ya takribani asilimia tatu hadi nne ya uzito mkavu, na huoza ndani ya wiki chache. Majani ya kaliandra yana naitrojeni ya kutosha pia, lakini yana dawa asilia, zile zinazofanya chai iwe na ukakasi, ambazo huchelewesha kuoza kwake. Kaliandra hujenga mboji polepole, na mahindi ya msimu wa kwanza hayafaidi sana.

Baada ya miaka mitano: kasi hupungua

Wengi hudhani kwamba ikiwa miaka mitatu ni mizuri, 20 itakuwa bora zaidi. Ni kweli kwamba jumla ya naitrojeni katika udongo wa juu chini ya vichaka vya mikunde huendelea kupanda kwa miaka mingi. Lakini kasi yake hupungua, na sababu zake zinajulikana.

Sababu ya kwanza ni mafanikio yenyewe. Naitreti inapokuwa nyingi katika udongo, mmea huona hakuna haja ya kuwalipa bakteria sukari, hivyo hupunguza vinundu na kutumia ile ya bure iliyo karibu.

Sababu ya pili ni upungufu wa virutubisho vingine, hasa fosforasi. Bakteria wa vinundu huihitaji kwa wingi. Udongo unaotokana na majivu ya volkano, kama ule wa miteremko ya Meru, una tabia ya kuishika fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba mimea huipata kwa shida hata inapokuwapo. Mahali pa namna hiyo kichaka kinaweza kudumaa huku mkulima akidhani mbegu ilikuwa mbaya.

Sababu ya tatu ni mbao. Kadiri kichaka kinavyozeeka, sehemu kubwa ya uzito wake huwa shina na matawi makavu. Naitrojeni iliyoko humo imetoka katika mzunguko kwa miaka mingi. Vijiti vinavyodondoka vina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, na vijidudu vinavyoviozesha hulazimika kuazima naitrojeni kutoka kwenye udongo unaovizunguka.

Sababu ya nne ni maji. Mfano mkubwa uko kaskazini mwa China, katika Uwanda wa Loess, ambako kichaka cha mikunde kiitwacho karagana kimepandwa katika maeneo makubwa kuzuia mmomonyoko, hasa baada ya serikali ya nchi hiyo kuanza mwaka 1999 mpango wa kurudisha mashamba ya miteremko kuwa misitu na nyasi. Uchunguzi wa vichaka vya rika mbalimbali umeonesha naitrojeni ikiongezeka na umri, hasa katika tabaka la juu la udongo. Lakini umeonesha pia kwamba vichaka vilivyokomaa hukausha udongo wa chini kwa mita kadhaa, kwa kuwa hunywa zaidi ya kile mvua inachorudisha. Rutuba ilipanda, maji yakashuka. Funzo hilo linayahusu maeneo makavu ya magharibi na kaskazini mwa Meru, ambako mvua ni haba kuliko upande wa kusini.

Aidha, kichaka kikongwe chenye naitrojeni nyingi huweza kuanza kuivujisha. Naitreti ambayo hakuna mmea wa kuitumia huzama na maji, na inapozama huondoka na kalsiamu na magnesiamu, hivyo udongo huongezeka uchachu. Kwa jiji kama Arusha, ambalo hupata maji yake kutoka chemchemi na visima vilivyo chini ya mlima, si jambo la kupuuza, japokuwa mbolea iliyozidi na vyoo visivyojengwa vizuri ni vyanzo vya naitreti vinavyohitaji kuangaliwa kwanza. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka ukomo wa miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa.

Mahali ambapo uzee ni faida

Yapo mazingira ambamo miaka mingi ndiyo inayotakiwa. Karibu na Mombasa, nchini Kenya, machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yalikuwa yamebaki mwamba mtupu wa matumbawe, bila udongo wowote. Mwaka 1971 mtaalamu René Haller alianza kujaribu aina 26 za miti humo. Ni aina tatu tu zilizostahimili, na iliyofanya vizuri kuliko zote ilikuwa mvinje.

Mvinje ulijitengenezea naitrojeni kupitia mizizi yake, lakini majani yake membamba na makavu yalirundikana bila kuoza. Haller alileta majongoo, ambao waliyala na kuyageuza kuwa mboji. Baada ya miaka tabaka la udongo lilianza kuonekana, mimea mingine ikaota, na sehemu ya machimbo hayo leo ni bustani ya wanyama na miti inayojulikana kama Haller Park.

Mfano huo unafundisha mambo mawili. Palipo na mwamba mtupu, kichaka au mti unaotengeneza naitrojeni uachwe uzeeke, kwa kuwa kazi yake ni kujenga udongo usiokuwapo. Na naitrojeni iliyoko kwenye majani makavu si mali ya udongo mpaka awepo kiumbe wa kuyasaga.

Misitu ya kupandwa ya Meru

Kwenye miteremko ya mlima, juu ya mashamba ya wakulima, liko Shamba la Miti Meru, ambalo liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Miti mikuu ya misitu ya kupandwa ya nyanda za juu za Tanzania kama hilo ni misindano na misaiprasi, pamoja na mikaratusi na migrevilia. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaotengeneza naitrojeni.

Katika misitu ya aina hiyo umri hufanya kazi kwa namna nyingine. Wakati miche ingali midogo, wakulima huruhusiwa kulima mazao katikati yake na hufaidi akiba iliyoachwa na msitu uliotangulia. Miti inapofunga vivuli na kukua kwa kasi, huchota naitrojeni nyingi na kuihifadhi katika majani, magome na mbao. Baadaye kasi ya ukuaji hupungua, majani yaliyodondoka hurundikana, na sehemu ya kile kilichochukuliwa huanza kurudi. Mtaalamu wa Sweden Björn Lundgren, ambaye baadaye aliongoza ICRAF, alichapisha mwaka 1978 utafiti mpana uliolinganisha udongo wa misitu ya asili na ule wa misitu ya kupandwa katika nyanda za juu za Tanzania, na tangu hapo suala la rutuba kati ya uvunaji mmoja na mwingine limebaki katika ajenda ya wataalamu wa misitu nchini.

Tofauti iko katika mwisho wa hesabu. Msindano unaweza kurudisha sehemu ya ulichokopa, lakini hauwezi kuleta kipya. Kichaka cha mikunde kinaweza, ilimradi hakivunwi na kuhamishwa chote.

Siku ya kukata

Faida iliyokusanywa kwa miaka mitatu inaweza kupotea kwa siku moja. Majani ndiyo yenye naitrojeni nyingi, na mbao ndiyo yenye kidogo. Mkulima anayebeba mashina kwenda kuyafanya kuni na kuacha majani shambani huondoa sehemu ndogo tu. Anayechoma kila kitu kusafisha shamba huipeleka sehemu kubwa ya naitrojeni ya majani hewani pamoja na moshi, kisha hubaki na majivu ambayo yana potasiamu na kalsiamu, lakini naitrojeni karibu haimo.

Kuzunguka Meru, ambako ng'ombe wengi hufugwa ndani ya mabanda, majani ya lusina na kaliandra hukatwa yakawa malisho. Naitrojeni haipotei ikiwa samadi itarudi katika shamba lilelile. Ikienda kwenye bustani ya mboga pekee au ikiuzwa, shamba la mahindi lililopandwa vichaka huwa limeigharimia bustani.

Wakati nao una maana kubwa. Mvua za kwanza baada ya kiangazi huamsha vijidudu vya udongo na kufungua naitrojeni nyingi kwa ghafla. Vichaka vikikatwa na majani kufukiwa muda mfupi kabla ya masika, ambayo Arusha huanza takribani Machi, mahindi huikuta naitrojeni hiyo ikiwa tayari. Vikikatwa mapema mno, mvua huizamisha kabla mizizi ya mahindi haijaenea.

Baada ya hapo saa huanza kuhesabu upya. Sesbania ikikatwa chini haichipui vizuri, na manufaa yake hufifia baada ya misimu miwili au mitatu ya mahindi. Gilirisidia huchipua. Katika kituo cha Makoka, kusini mwa Malawi, mahindi yamelimwa kati ya mistari ya gilirisidia iliyopandwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, vichipukizi vikikatwa na kufukiwa kila mwaka, na mavuno yakabaki juu ya yale ya mashamba yasiyo na vichaka kwa zaidi ya muongo mmoja bila kupanda upya. Mzizi huzeeka, lakini majani hubaki machanga, na hapo ndipo kasi ya ujana huhifadhiwa.

Mkoani Tabora, kwenye mashamba ya majaribio ya Tumbi, njia iliyojaribiwa ilikuwa ya mzunguko wa takribani miaka mitano: mazao hulimwa kati ya miti ya jamii ya migunga katika miaka ya mwanzo, miti huachwa ikue, kisha hukatwa kwa ajili ya kuni, ikiwamo ya kukaushia tumbaku, na shamba hurudi kwenye mahindi.

Mipaka yake

Vichaka havikosi maadui. Sesbania hushambuliwa na mbawakavu wanaokula majani na huweza kuzidisha minyoo fundo, inayodhuru nyanya na mboga nyingine. Mwaka 1992 mdudu mdogo mfyonzaji wa lusina aliingia Afrika Mashariki na kudhoofisha mashamba mengi ya mmea huo. Lusina pia husambaa yenyewe kwa mbegu, na mahali pengine imegeuka kuwa gugu.

Kikwazo kikubwa zaidi Arumeru ni ardhi. Familia yenye nusu hekta haiwezi kuipumzisha kwa miaka miwili. Kwa familia hiyo njia zinazofaa ni kupanda vichaka mipakani na kwenye kingo za makinga maji, au kupanda mbaazi pamoja na mahindi. Mbaazi ni kichaka pia, na Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, mjini Arusha, kimekuwa miongoni mwa vituo vilivyofanyia kazi zao hilo kwa ajili ya kanda ya kaskazini. Huvunwa chakula, hudondosha majani, na mizizi yake huendelea kufanya kazi baada ya mahindi kuvunwa.

Namna ya kujua

Anayetaka kujua kama vichaka vyake vinaongeza naitrojeni anashauriwa asipime udongo mara moja na kutoa hukumu. Jumla ya naitrojeni hubadilika polepole, na mabadiliko ya miaka miwili huweza kufichwa na tofauti za kawaida kati ya shimo moja na jingine. Kinachofaa ni kuchukua sampuli nyingi za kina kimoja, kwa mfano sentimita 20 za juu, kuzichanganya, na kuzilinganisha na za kipande cha jirani chenye udongo na mteremko uleule lakini kisicho na vichaka. Kipimo cha naitreti kabla ya kupanda hueleza kile mahindi yatakachokipata msimu huo. Kipimo cha jumla ya naitrojeni hueleza ukubwa wa akiba.

Asiye na uwezo wa kulipia maabara ana vipimo vingine: rangi ya vinundu, unene wa majani yaliyooza chini ya kichaka, wingi wa nyungunyungu, na mstari wa mahindi ulioachwa kwa makusudi bila vichaka wala mbolea ili ulinganishwe na mingine.

Kwa mkulima wa Meru, jina la mmea ni nusu tu ya uamuzi. Nusu ya pili ni mwaka wa kuukata, na mahali majani yake yatakapolala baada ya kukatwa.